Orodha Niliyotia Sahihi

Mimi ndiye niliyeleta faili ya kwanza. Nasema hilo mapema kwa sababu watu wa kwetu, wakisimulia jinsi chama chetu cha maziwa kilivyogeuka, humtaja meneja peke yake, na mimi nikiwa karibu hubadilisha mazungumzo.

Nilikuwa karani katika ofisi ya shamba kubwa la majani chai upande wa Kericho kwa miaka kumi na tisa. Mashine za kuchuma zilipokuja, wachumaji walipunguzwa kwanza, nasi wa ofisini tukafuata. Nilirudi nyumbani, kwenye kilima chetu kati ya Sotik na Chepilat, nikiwa na ng'ombe wawili, robo ekari ya chai na sanduku la vifaa vya ofisi ambavyo hakuna aliyenidai.

Jirani yangu alikuwa mjane aliyenizidi kama miaka kumi. Kabla sijarudi, yeye na akina mama wengine wanane walikuwa wamekwisha kukubaliana kukusanya maziwa yao kando ya barabara, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne ya mkaratusi. Aliwaita mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Kusoma alisoma kidogo tu, jina lake na Biblia polepole, lakini alijua ng'ombe wa kila mtu, anatoa kiasi gani, anazaa lini, na nani ana tabia ya kuongeza maji.

Ni hayo maji yaliyoniingiza. Asubuhi moja lori la mnunuzi lilirudisha mitungi mitatu. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, upande wa Nyamira, akalaumiwa. Mwenyewe akaapa. Mwingine akamrushia neno la kabila. Nilipofika pale walikuwa wameshikana leso. Jirani yangu alisimama katikati yao akiwa amepanua mikono, na aliponiona akasema, "Wewe umekaa ofisini. Hii kitu wazungu wa chai walikuwa wanaimaliza namna gani?"

"Kwa kuandika, mama," nikamwambia.

"Basi andika."

Siku iliyofuata nilikuja na daftari, kalamu mbili na laktomita, kipimo cha kuonyesha maji ndani ya maziwa, niliyonunua Sotik. Kila mtungi ulipimwa, ukaandikwa, mwenyewe akatia alama. Nikampa kila mtu nambari, ili kwenye daftari kusiwe na jina la ukoo wala la kabila. Ugomvi uliisha ndani ya wiki moja. Sitii chumvi. Akina mama waliokuwa hawaamkuani walianza kukaa benchi moja wakisubiri lori, na jirani yangu akawa ananiita Karani wake mbele ya watu.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema makaratasi huua maendeleo, siwezi kukubali moja kwa moja. Makaratasi ndiyo yaliyotuinua. Kwa sababu ya daftari lile shule mbili zilikubali kuchukua maziwa yetu. Kwa sababu ya katiba niliyoandika, kipengele kwa kipengele, kwa kufuata mtindo wa kule shambani, tulisajiliwa, tukapata chumba cha mawe, muhuri, na daktari wa mifugo aliyekuwa anapita kila mwezi. Wanachama walitoka tisa hadi wakajaza kanisa. Jirani yangu akawa mwenyekiti miaka ya kwanza, kisha akaomba apumzike, abaki mwanachama wa kawaida. Mimi nilikuwa katibu.

Kazi ilipozidi tukahitaji meneja. Mimi ndiye niliyemleta. Alikuwa chini yangu ofisini kule kwenye chai, kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nilimfundisha kupanga faili, kuandika kumbukumbu za mkutano, kuweka tarehe kila mahali. Tulipewa barua za kuachishwa kazi siku moja, na nakumbuka tulirudi pamoja hadi stendi ya Kericho, yeye akinibebea sanduku. Nilipomtaja kwenye kamati, jirani yangu aliuliza jambo moja tu: "Unamjua?"

"Namjua kama mtoto wangu."

"Basi sina swali."

Alianza vizuri. Alileta kompyuta, akabadilisha nambari zetu zote ziwe ndefu, zenye herufi mbele. Akaunda kamati ndogo ya ubora, kamati ndogo ya maendeleo, kamati ya nidhamu. Nilifurahi. Niliona kazi yangu imekua ikapata mikono mingi. Sikuona kwamba mama aliyetaka kubadilisha saa ya kuleta maziwa, jambo ambalo zamani lilimalizwa palepale kwenye benchi, sasa alijaza fomu, fomu ikangoja kamati, kamati ikangoja akidi.

Kisha kaunti ikatupatia mtambo wa kupozea maziwa. Ulikuja juu ya lori, pipa kubwa la chuma linalong'aa kama sufuria ya harusi. Akina mama waliimba kutoka barabarani hadi ofisini. Kwetu maziwa ya jioni yalikuwa msiba: lori lilikuja asubuhi tu, na yale ya jioni uliyanywa, ukayatia kwenye kibuyu yagande yawe mursik, ukawapa majirani, mengine ukayamwaga. Mtambo ule ungemaliza hayo yote.

Ulilala kwenye ua wa ofisi miezi kumi na moja.

Ulihitaji stima yenye nguvu, na nguzo za stima hiyo hazikufika kwetu. Kuomba nguzo kulihitaji hati ya ploti. Hati ilihitaji idhini ya kamati ya maendeleo. Kamati ya maendeleo ilikutana mara tatu Kericho kwenye semina, na kila mara iliandika ripoti kwamba mtambo umepokelewa katika hali nzuri. Tuliufunika kwa turubai. Kuku wa jirani wa ofisi akaanza kutaga chini yake.

Mjane yule aliuliza katika kila mkutano, bila hasira: "Hiyo mashine italala mpaka lini?"

"Iko kwa mchakato, mama," meneja alijibu.

Siku moja alikuja na jibu lake mwenyewe. Kanisa la pale madukani lilikuwa na stima ya kutosha, kwa sababu ya posho mill ya kusaga mahindi iliyokuwa jirani nalo, na wazee wa kanisa walikuwa tayari kutupatia chumba cha nyuma. Alikwenda kuwauliza kwa miguu yake. Meneja akamwambia pendekezo la mradi lilitaja ploti yetu, si ya kanisa, na kuandika upya pendekezo ni kuanza upya.

"Kwani maziwa yanajua ploti?" mama akauliza. Watu wakacheka, na meneja akacheka pia. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona shingo yake imebadilika rangi.

Baada ya hapo mjane alianza kupita nyumba kwa nyumba tena, kama zamani. Alitaka jambo hilo lipigiwe kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Wengi walimkubali. Mimi pia nilimkubali, nikamwambia hivyo jikoni kwake.

Ndipo ng'ombe wake wakashikwa na ugonjwa wa midomo na kwato. Daktari alikuja, akaweka karantini. Chama kikamwandikia barua kwamba asilete maziwa hadi aruhusiwe. Barua ile niliitia sahihi bila wasiwasi wowote, ilikuwa haki. Nilimpelekea mwenyewe, nikamsomea. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Alikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, akiwaosha ng'ombe midomo kwa maji ya chumvi, na kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza maziwa ya watu yanaendeleaje.

Wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, siku ya Ijumaa, meneja aliniita ofisini. Alinimiminia chai. Mbele yangu aliweka karatasi moja yenye kichwa, "Wanachama waliokoma." Chini yake kulikuwa na nambari kumi na tisa, zile ndefu zenye herufi. Hapakuwa na jina hata moja.

Kipengele cha kumi na moja cha katiba kilisema mwanachama asiyeleta maziwa miezi mitatu mfululizo uanachama wake unakoma. Mimi ndiye niliyekiandika. Nilikiandika kwa ajili ya mabroka wa maziwa wa pikipiki waliotaka kujiandikisha ili wapate kura.

"Hawa ni akina nani?" nikamuuliza.

"Ni wale waliokufa, Madam, na wale waliohamia Chebunyo na wapi. Tunasafisha rejista kabla ya mkutano. Wewe ndiye ulinifundisha rejista chafu ni aibu."

Kweli nilimfundisha hivyo. Nilizipitia zile nambari kwa kalamu, nikahesabu zilikuwa kumi na tisa, nikatia sahihi, nikapiga muhuri. Nikamaliza chai. Tulizungumza kuhusu mvua.

Jumatatu moja, siku chache kabla ya mkutano, nilikuwa kwenye foleni ya kupimiwa maziwa. Mjane alikuja na mtungi wake, mara ya kwanza tangu karantini, akiwa amevaa leso mpya kichwani. Akina mama walimpigia makofi. Alimpa mzee wa kupima barua ya daktari iliyomruhusu. Mzee akaisoma, akaangalia kitabu chake, akakiangalia tena.

"Mama, nambari yako haiko."

"Angalia vizuri, mzee. Nilikuwa kwa karantini."

"Nimeangalia. Imekatwa. Siwezi kumwaga maziwa yako kwa pipa, nitafutwa kazi."

Alibaki ameushika mtungi. Mwanzoni hakuelewa, alidhani ni kosa la mwandiko, akanigeukia. "Karani wangu, hebu waambie."

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Niliona ile karatasi, nikaona kikombe cha chai, nikakumbuka kalamu yangu ikishuka nambari kwa nambari. Nilichopaswa kusema kilikuwa maneno matatu tu: mimi ndiye niliyekukata. Nilisema, "Ni makosa ya ofisi, mama. Nitayarekebisha."

Alinishukuru. Alirudi nyumbani na maziwa yake.

Niliingia kwa meneja bila kubisha. Hakukana. Hata sauti hakupandisha.

"Alikuwa amefikisha miezi mitatu na siku nne, Madam. Kipengele kiko wazi."

"Sisi ndio tulimkataza kuleta! Barua ni yetu!"

"Kipengele hakisemi sababu. Kinasema asiyeleta." Kisha akaniambia kwa upole uleule ambao nilikuwa nikimsifia mbele ya watu, "Anaweza kuomba upya. Mwanachama mpya anasubiri miezi sita ndipo apige kura."

"Uliniambia ni wafu."

"Baadhi yao ni wafu."

Nilimwambia atoe jina lile. Akasema orodha ikishatiwa sahihi na katibu haibadilishwi na meneja, inabadilishwa na mkutano mkuu. Hilo nalo nililiandika mimi.

Ningeweza kwenda kwa mjane jioni ile. Nyumba yake na yangu zimetengwa na ua wa miiba ya kei-apple tu. Sikwenda. Nilijiambia nitalimaliza mkutanoni, kisha nimweleze yakiwa yameisha. Siku zote zile alikuwa ananisalimia kwenye ua, akiniuliza, "Wamerekebisha?" nami nikimjibu, "Bado kidogo, mama."

Siku ya mkutano kanisa lilijaa. Mimi nilikaa mezani mbele, na daftari la kumbukumbu. Ajenda ya mtambo ilipofika, mjane alisimama. Alikuwa amejiandaa, niliona midomo yake ikipitia maneno kabla hajasema. Meneja aliinua mkono.

"Mama, kwa heshima. Kwa utaratibu wa mkutano, nambari yako ya mwanachama?"

Kelele zikaanza. Mtu akapiga kelele, "Huyo ndiye alianzisha hii chama!" Mwenyekiti, mtu mwema asiyependa fujo, aligonga meza. Mimi nikasimama. Nilisema mama huyu alikatwa kwa makosa, kwamba alikuwa kwenye karantini, kwamba chama chenyewe kilimzuia.

Meneja alinisubiri nimalize. Kisha akatoa karatasi kwenye faili, akaiinua ili safu za mbele zione.

"Katibu anasema ni makosa. Lakini sahihi ni ya katibu mwenyewe. Alipitia nambari moja moja. Alama za kalamu yake ziko hapa."

Mjane hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi. Nimetazamwa kwa hasira maishani na nimetazamwa kwa dharau, lakini mtazamo ule haukuwa wa hasira wala wa dharau. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha akaokota mkoba wake, akawapita akina mama kwenye benchi, akisema "samahani, samahani" kwa kila goti alilogusa, akatoka. Kura haikupigwa. Meneja akasema hoja huletwa na aliyeiandikisha, na ajenda ile haina mtoa hoja.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bomet, ofisi ya kaunti inayosimamia vyama. Afisa alikuwa mama wa rika langu, akanikaribisha vizuri, akasoma kila kitu nilichombebea. Alisoma pia ile barua ya karantini, akatikisa kichwa.

"Wamemwonea," akasema.

Moyo wangu ukapanda.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Ulisoma kabla ya kutia?"

"Nilisoma nambari."

Alivua miwani. Akanieleza kwamba rufaa huletwa na mwanachama aliyedhulumiwa, na huyu, kwa mujibu wa rejista, si mwanachama. Mimi ninaweza kuleta hoja, katika mkutano mkuu ujao. Mwaka mmoja. Aliniambia alikuwa amesoma katiba yetu na ilikuwa mojawapo ya zilizoandikwa vizuri zaidi alizowahi kuona. Alidhani ananifariji.

Nilishuka kwenye gari Chepilat, nikatembea moja kwa moja hadi kwa mjane kabla sijabadilisha nia. Alikuwa anapura mahindi. Alinipa kigoda, akaniletea chai, kwa sababu kwetu mtu huwezi kumwacha bila chai hata akiwa amekuzika. Nikamwambia yote. Ile Ijumaa, zile nambari, na kwamba pale kwenye foleni nilikuwa najua.

Aliendelea kupura kwa muda.

"Huyo meneja mimi sina kesi naye," akasema mwishowe. "Simjui. Nilimchukua kwa sababu yako."

"Najua, mama."

"Na hiyo karatasi, kama ungekuja siku ileile ukaniambia, nimekukata bila kujua, ningecheka. Kweli ningecheka. Lakini ulikuwa unanisalimia hapo kwa ua. Kila siku unaniambia bado kidogo."

Alinisogezea sahani ya viazi, akanihimiza nile, nikala.

Alikataa kuomba upya. Alisema hawezi kujaza fomu ya kuomba kuingia nyumbani kwake. Nilijiuzulu ukatibu kwa barua, na barua ile ilikaa wiki saba kwa sababu ilipaswa kupokelewa kwanza na kamati ya nidhamu.

Mtambo uliwashwa mwaka uliofuata, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Meneja aliandika pendekezo jipya, wageni wakaja, picha zikapigwa, na kwenye hotuba yake alisema wazo lilitokana na utafiti wa kamati ya maendeleo. Mtambo unafanya kazi vizuri. Siwezi kudanganya kuhusu hilo pia. Maziwa ya jioni hayamwagwi tena kwenye kilima chetu, na kuna watoto wanaosoma kwa sababu ya maziwa hayo. Mimi mwenyewe napeleka yangu pale asubuhi na jioni, kwa sababu hakuna mnunuzi mwingine wa maana, na meneja akinikuta kwenye foleni hunisalimia mbele ya wote, "Habari ya asubuhi, Madam," nami huitikia. Maziwa ya mjane huletwa na mke wa mwanawe, kwa nambari ya mke wa mwanawe. Mwenyewe hajakanyaga pale.

Hatukukosana kwa namna ambayo watu wanaweza kuiona. Nikiugua huniletea uji. Ng'ombe wangu alipozaa vibaya, yeye ndiye aliyeingiza mkono. Mwezi uliopita mjukuu wake aliitwa chuo, zikaja fomu nyingi za kujaza, na nilimwona bibi yake akiteremka na bahasha kifuani. Nilikuwa kwenye ua nikikata matawi. Nikaacha kukata, nikapangusa mikono. Alinisalimia vizuri, "Chamge," akaniuliza hali ya mguu wangu, akasema jua ni kali leo. Kisha akapita, akaendelea hadi nyumba ya tatu, kwa mwalimu.